Maswali Kumi na Nane Kuhusu Ida

Mkumbi, Mbinga
18 Februari 2024

Kwa mpwa wangu Vitalia,

Pokea salamu zangu mimi mjomba wako Mansuetus Kinunda, ambaye mpaka naandika hapa sijaumwa hata ukucha. Ugonjwa ukifika kwangu huwa unapiga hodi tu, kisha unakwenda kwa jirani. Mama Sixbert wangu hajambo, magoti yake tu ndiyo yanalalamika. Mvua nzuri. Mahindi yangu yamefika kimo ambacho juzi Mwenyekiti wetu wa kijiji, Raimundi, alipotea humo ndani, nikamwelekeza njia kwa sauti kama anavyoelekezwa rubani. Kuku wawili wameibwa. Mwizi namjua, nimemwachia Mungu mpaka Jumamosi.

Umesema tuandikiane barua kwa sababu kwenye simu sikupi nafasi ya kusema. Sawa. Karatasi ina subira kuliko wewe.

Mtoto wako Ida amenenepa. Ulimleta Januari kwa kuogopa ziwa litammeza, maana alifungua mtumbwi wa watu akaenda nao peke yake; huku juu hakuna maji ya kumtisha mtu. Ana miaka kumi na nguvu za watu watatu. Nilimpa kazi ya kuchimba ngoro za maharage, akaanza mashimo kumi na mawili kwa asubuhi moja. Hakumaliza hata moja, lakini nionyeshe mtu mwingine wilaya hii aliyeanza kumi na mawili.

Sasa kuna huyu mwalimu wake wa darasa la nne, Mwalimu Asnath. Serikali imemtoa Mara huko, hajui hata ngoro ni nini, akaniita shuleni kwa karatasi. Mimi, ambaye shule hiyo nilibeba mawe ya msingi wake, manne kwa safari moja, la nne nimelishika kwa meno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, Ida hatulii. Nikiandika mstari mmoja ubaoni, nikigeuka yuko dirishani. Daftari anapoteza, swali anajibu kabla sijalimaliza, somo halifiki mwisho."

"Kuku wangu pia hatulii, mwalimu. Na anataga."

Hakucheka. Watu wa kuajiriwa hawacheki kabla ya tarehe ya mshahara. Akasema huenda mtoto ana kitu kinaitwa ADHD, apelekwe hospitali akapimwe. Herufi nne, Vitalia. Magonjwa ya zamani yalikuwa na majina ya heshima, surua, pepopunda, tetekuwanga, mtu akifa nalo unalitaja kanisani bila aibu. Haya ya siku hizi yana namba kama gari.

Kisha akaja mwalimu mkuu na tumbo lake. Akasema kama Ida hana karatasi ya daktari kabla ya Novemba, jina lake litaingia kwenye orodha ya watoto wa kupelekwa kitengo cha bweni, wilaya nyingine, wanakosomeshwa watoto wenye ulemavu wa akili. Nikamwambia huyu mtoto nilikaa naye Kitai siku moja tu nikisubiri mbolea, kufika jioni anayajua mabasi yote kwa honi. Mwalimu mkuu akasema honi haimo kwenye mtihani.

Nimewaambia nitalifikiria. Nimelifikiria, naona ni upuuzi. Nataka unipe ruhusa niwajibu kwa maneno ninayoyajua mimi.

Ni mimi mjomba wako,
Mansuetus Kinunda


Mbamba Bay
3 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa kondakta, imekunjwa kama sambusa. Nimefurahi Mwenyekiti alipatikana. Huku tuko salama. Dagaa wetu hawa, usipa, ni wengi, wananuka mpaka kwenye mto wa kulalia. Jikoni shuleni tumebaki wapishi wawili kwa wanafunzi mia nne, kwa hiyo likizo yangu ni Desemba, usinipangie nyingine. Msalimie sana Mama Sixbert, mwambie mafuta ya magoti nitayatuma.

Ruhusa ya kuwajibu walimu sikupi.

Mjomba, nisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa barua huwezi kuidakia. Anayoyasema Mwalimu Asnath, walimu wa huku waliniambia mwaka juzi na mwaka jana. Nikanyamaza. Nilidhani atakua yaishe. Baba yake alihamishwa kituo cha kazi akasahau kutuhamisha na sisi, nikasema labda ni hilo linamsumbua. Kisha ukaja ule mtumbwi. Wavuvi walimkuta mbali, ameinama anaangalia maji, hana hata wazo kwamba kuna mtu anamlilia ufukweni.

Sitaki apelekwe bweni. Watoto wa kule wana haki ya mahali pao, ila si pake. Ida anaelewa kila kitu, tatizo ni kwamba kinapita mbio. Daktari akisema hivyo kwa maandishi, shule haitaweza kumwondoa. Asiposema, Januari mtoto wangu yuko wilaya nyingine.

Fanya hivi. Mpeleke zahanati hapo kijijini, mweleze muuguzi, atakuandikia rufaa ya hospitali ya wilaya. Aprili madaktari bingwa wanakuja hapo Mbinga siku tano, yumo mmoja wa akili za watoto. Huduma ni ya serikali, hawaangalii ukoo. Mtapewa fomu mbili, moja ya mwalimu, moja ya mtu anayeishi na mtoto. Hiyo ya pili ni yako. Kuna maswali kumi na nane. Yajibu.

Sijasema uyapambe.

Mpwa wako,
Vitalia


Mkumbi
21 Aprili 2024

Mpwa wangu mpendwa Vitalia,

Nakusalimu kwa furaha ya mshindi. Sisi wazima. Mama Sixbert amepokea mafuta, amepaka goti moja, la pili anasubiri aone. Mvua imepungua, maharage yameshika. Raimundi amenunua koti la mtumba lenye nembo ya zimamoto, sasa anataka tumwite Afande.

Kazi yako nimeimaliza, na kwa namna ambayo hospitali ile itanikumbuka.

Zahanati muuguzi alitaka kunichelewesha kwa maswali, nikamtazama mara moja tu, rufaa ikajiandika. Mbinga tulifika saa moja asubuhi tukakuta watu kama siku ya Kipaimara. Mtunza kumbukumbu dirishani aliponiona akasimama. Labda alikuwa anachukua faili juu, lakini alisimama.

Sasa hizo fomu. Ya mwalimu ilikwenda kwake na kurudi imefungwa, sikuruhusiwa kuisoma, nikaiinua juani, haikuonyesha kitu. Yangu nilipewa zahanati siku mbili kabla. Nikasema, karatasi hii inamhoji mtoto wa nyumba yangu, nitaipa majibu ya nyumba yangu. Kila swali lina vyumba vinne, Kamwe, Mara chache, Mara nyingi, Mara nyingi sana. Wanauliza eti mtoto huondoka kwenye kiti anapotakiwa kukaa. Kwangu viti ni viwili, na vyote nakaa mimi. Kamwe. Hupoteza vitu vya kazi. Kamwe. Jembe langu la pili halijaonekana tangu Machi, lakini jembe halimhusu daktari. Huongea kupita kiasi. Aongee kupita kiasi na mimi nipo? Kamwe. Hufanya jambo la hatari bila kufikiri. Kamwe. Nikashuka hivyo mpaka chini, Kamwe kumi na nane, zimesimama kama askari.

Wewe unajua desturi yetu. Watu wakija na mshenga kuulizia binti, nani anawaambia binti ana hasira au anaunguza mboga? Unawaambia analima, anaamka mapema, anaheshimu wakubwa. Kasoro ni mali ya nyumba, haitoki mlangoni. Ulisema tunataka karatasi ya kumwokoa mtoto. Karatasi safi ndiyo inayookoa. Nikampelekea Raimundi akapiga muhuri wa kijiji, tukaweka na mashahidi watatu, mmoja ni katekista.

Chini kabisa waliuliza kama kuna ndugu wa damu aliyekuwa hivi utotoni. Hapo wino uliniishia.

Daktari mwenyewe anaitwa Hilari. Kijana mno, ndevu zake bado hazijaamua. Akaisoma fomu, akageuza, akaangalia muhuri muda mrefu.

"Mzee, hii umeijaza mwenyewe?"

"Kwa mkono huu."

"Huyu mtoto haondoki kwenye kiti?"

"Kamwe."

"Sasa hivi yuko wapi?"

Nikageuka. Ida hakuwepo. Alikuwa nje, ameingia kwenye gari la wagonjwa, ameshika usukani, anawapigia honi wajawazito.

Nikamwambia daktari, kile hakikuwa kiti, lilikuwa benchi.

Akacheka kidogo, akaandika mengi, akaomba namba yako. Atakupigia akupe hongera. Mwambie mwalimu wako wa Mara ajiandae kuomba radhi.

Mjomba wako mshindi,
Mansuetus


Mbamba Bay
9 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Tuko salama. Ziwa limetulia. Mama Sixbert apake na goti la pili.

Daktari amenipigia. Hakunipa hongera.

Mjomba, yule daktari hakuja kuoa. Alikuja kutafuta ugonjwa, wewe ukamwonyesha bibi harusi. Mwalimu Asnath ameandika Mara nyingi sana karibu kila mstari, wewe umeandika Kamwe kila mstari na kijiji kizima kikatia muhuri. Ameniambia hali hii haiandikwi kwa mtoto anayeonekana nayo mahali pamoja tu, ni lazima ionekane nyumbani na shuleni. Kwa fomu yako nyumbani ni peponi na mwalimu ni mwongo. Yeye aliona kwa macho yake mtoto yuko kwenye gari la wagonjwa, lakini alichoona cha dakika ishirini hakitoshi, na aliyekaa naye miezi mitatu ni wewe. Amemwandikia arudi.

Arudi lini? Oktoba. Bingwa huyo hafiki kabla ya hapo. Orodha ya kitengo inafungwa Novemba. Umetupotezea miezi sita, umetuachia mmoja.

Umemsafisha mtoto mpaka hakubaki mtoto. Mwanangu ameandikwa humo kama sanamu ya kanisani, na sanamu haina shida ya kusaidiwa. Hao mashahidi watatu, nao wanalala na Ida nyumba moja? Katekista ndiye anayemtafutia kiatu cha pili kila asubuhi?

Daktari aliniuliza na lile swali lililokumalizia wino. Nikajibu sijui. Nikampigia mama yangu, dada yako, kule Tingi. Akasema, muulize Mansuetus mwenyewe.

Nakuuliza.

Vitalia


Mkumbi
14 Julai 2024

Kwa mpwa wangu Vitalia,

Nakusalimu. Najua barua yako ina miezi miwili hapa mezani. Wewe unapika, hujui msimu wa kahawa. Mwaka huu miti yangu imezaa mpaka mmoja tumeuegemezea ngazi pande mbili, mchumaji wa huku na mchumaji wa kule wakakutana juu wakasalimiana. Watu wa chama cha ushirika walikuja kuangalia, wakaondoka vichwa chini.

Mama Sixbert amepona magoti, sasa ni bega. Raimundi amegombana na mwizi wa kuku, wakapatana, wakala kuku. Baridi kali. Asubuhi maziwa yanatoka kwa ng'ombe yakiwa yamekwisha kuganda.

Kuhusu daktari wako sina la kuongeza. Mtu anayepewa majibu kumi na nane yaliyonyooka kisha anataka yaliyopinda, huyo ana yake. Mwalimu Asnath siku hizi tukikutana njiani anaangalia mawingu. Nami naangalia mawingu. Tutayamaliza mawingu. Walimu wa zamani walikuwa wanajua kumtuliza mtoto, siku hizi ni kuita wazee tu na karatasi.

Ulimuuliza dada yangu jambo. Aurelia anazeeka, anachanganya watu.

Ida hajambo kabisa. Anachambua kahawa na Mama Sixbert, mbovu huku, nzuri huku, anazichanganya tena zote, wanaanza upya, wanacheka. Kwa mkono mmoja anawashinda wenye miwili. Huo mwingine ukishapona atakuwa hatari.

Nimefika mwisho wa karatasi.

Mansuetus


Mbamba Bay
22 Julai 2024

Mjomba,

Mkono upi?

Simu yako umeizima siku ya tatu leo. Mama Sixbert nimempata, ameniambia nikuulize wewe, kisha akalia. Barua hii nampa dereva mwenyewe, nimemwambia asikupe mpaka ukae chini.

Mkono upi, na umefanya nini?

Vitalia


Mkumbi
4 Agosti 2024

Vitalia,

Wa kushoto. Vidole viwili, cha kati na cha pete. Mifupa haikuvunjika, muuguzi wa zahanati ameshona, nyuzi zimetoka. Ukucha mmoja umetoka na hautarudi vizuri. Vidole vinakunjika. Nimemwambia avikunje mbele yangu kila asubuhi, navihesabu.

Ilikuwa ile mashine ya kumenyea kahawa. Nimefunga injini mwaka huu. Nilimwambia asisogee. Nikamwambia tena. Mara ya tatu nilimshika mabega nikamwambia usoni, akajibu ndiyo babu. Nilipogeuza mgongo tu akatia mkono kutoa jani. Vitalia, hakuwa mkaidi. Niliyaona macho yake nilipomshika. Maneno yangu hayakufika alikokuwa.

Na mimi sikuwepo karibu. Niliiacha mashine inazunguka nikaenda kufunga maji, njiani nikaona uzio umelala, nikaanza kuuinua, nikakumbuka nyundo nimeiacha kwa Raimundi, nikaenda. Nilikuwa kwa Raimundi nasimulia habari za ngazi mbili niliposikia kelele.

Sikukuandikia kwa sababu kuna swali linauliza kama mtoto hufanya jambo la hatari bila kufikiri. Niliandika Kamwe. Na muhuri uko juu yake.

Oktoba nitampeleka mimi. Fomu sitaijaza kabla, nitajazia palepale mbele ya daktari, asije Raimundi na muhuri wake.

Unitukane ukitaka. Barua zako ninazisoma mpaka mwisho.

Mansuetus


Mbamba Bay
18 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Kukutukana nilianza, nikachana. Karatasi mbili zimekwenda jikoni kuwashia moto, uji wa wanafunzi ukawahi kuiva kuliko siku zote.

Huku kuna upepo, mitumbwi haitoki. Natuma kitambaa laini cha kufungia kidole na usipa wakavu kilo mbili, Ida anawapenda wakiwa wamekaangwa mpaka waseme. Mpe vichwa pia.

Swali langu la Mei hujalijibu. Sikuulizi tena. Daktari atakuuliza.

Kabla ya Oktoba nenda kamsalimie Mwalimu Asnath. Umemfanya mwongo kwa muhuri wa serikali ya kijiji. Usimsimulie chochote. Msalimie tu, uombe radhi, unyamaze. Najua neno la mwisho ndilo gumu.

Vitalia


Mkumbi
20 Oktoba 2024

Mpwa wangu Vitalia,

Salamu. Sisi tuko hai, mvua za kwanza zimetishia zikarudi. Mama Sixbert anakusalimu, bega limepona, sasa hana pa kulalamikia, anaumwa kwa hilo.

Kwa Mwalimu Asnath nilikwenda. Nilikaa kimya kama ulivyoagiza. Nilikaa kimya mpaka yeye akaogopa, akaniuliza kama nina homa. Radhi nimeomba. Amenipa chai isiyo na sukari, huko kwao ndivyo wanavyosamehe nadhani.

Jumatano tulikwenda. Benchi la hospitali ni lilelile, limetengenezwa na fundi anayechukia makalio. Tulikaa kuanzia saa moja mpaka saa saba, na katika muda huo Ida alizunguka jengo mara ambazo niliacha kuhesabu, akapatana na mlinzi, akagombana na mlinzi, akapatana tena. Zamani ningesema alikuwa ananyoosha miguu.

Daktari Hilari ndevu zimeamua, zimeota upande mmoja. Alinikumbuka. Akatoa fomu mpya, akasema, "Mzee, leo sina haraka." Nikasema nami sina. Alitaka mtoto atoke nje akae na muuguzi, Ida akagoma, akakaa chini ya meza akichezea kamba za viatu vya daktari. Daktari akamwacha.

Akasoma la kwanza. Nikajibu, Mara nyingi sana. La pili, Mara nyingi sana. Vitalia, kupanda mlima na gunia ni rahisi. Kila nikijibu, vile vidole chini ya meza vilikuwa vinasimama kidogo, kisha vinaendelea. Alikuwa anasikia. Babu yake anamtoa mtoto wa nyumba kwa mgeni, kipande kwa kipande, kiatu, jembe, daftari, kelele, mashine. Nilipofika kwenye mashine nilisimulia kama ilivyokuwa. Na uzio. Na nyundo. Daktari aliandika na hayo, akaniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda.

Majibu mengine niliyapunguza, siyo kwa kumpamba. Kuna mahali wanauliza kama hukwepa kazi zote za kutumia akili. Nikasema hapana, mpe injini afungue uone.

Kisha akauliza lile la ndugu wa damu. Wino ulikuwa wa kwake, haukuisha.

Nilimwambia, na wewe nakwambia, Aurelia hajazeeka wala hajachanganya watu. Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu alichoka kunirudisha kwenye benchi, akaleta kamba ya katani akanifunga kiunoni, fundo kwa nyuma nisilifikie. Siku tatu. Siku ya tatu niliomba kwenda nje, akasema hizo ndizo hila zangu. Nikajikojolea pale pale, darasa zima linaangalia. Dada yangu alikuwa darasa la sita, alisikia kicheko akiwa darasani kwao, akaja akakata ile kamba kwa meno kwa sababu hakuwa na kisu, mwalimu akimchapa mgongoni. Siku ya nne sikwenda shule. Sijaenda tena. Watu huwa nawaambia niliiacha shule kwa kuwa nilikuwa nimeimaliza.

Daktari hakusema pole, na nilimshukuru kwa hilo. Aliandika tu. Akamwita Ida atoke chini ya meza, akamfanyisha michezo yake ya picha na namba karibu saa nzima, mingine alikataa, mingine alimshinda daktari mwenyewe. Mwishoni akaandika karatasi mbili. Ya kwanza ni ya hospitali, anayo hiyo ADHD, arudi kliniki kila mwezi, na kuna mambo ya kufanya nyumbani nimeyaandika kwenye kalenda ukutani. Ya pili ni ya shule. Inasema Ida akili yake haina ulemavu, abaki shuleni alipo, akae mbele, apewe kazi vipande vipande, aruhusiwe kusimama. Alhamisi niliipeleka kwa mwalimu mkuu kwa mkono wangu. Aliisoma mara mbili akitafuta kosa. Mwalimu Asnath alikuwa amesimama nyuma yake, akanyoosha mkono, akachukua ile orodha ya kitengo mezani, akakata jina la Ida, walikuwa wameshaliandika, mbele yetu kwa rula, mstari umenyooka. Kwa hiyo hilo limekwisha, mtoto haendi kokote.

Lakini kuna jambo limebaki na siliwezi, ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Siku ile tulipokuwa tunarudi, tumekaa kwenye gari, Ida akanigusa na kidole chake kile kibovu.

"Babu, umenisema kwa daktari."

"Nimekusema."

"Yote."

"Yote. Ili akusaidie."

Akafikiri. Kwake kufikiri ni kugonga kiti cha mbele kwa goti, mama mmoja akageuka akatuangalia vibaya.

"Na ile ya kamba ulimtungia ili akuonee huruma?"

Nikamwambia hapana, ile ni kweli. Akacheka. Nikamwambia, Ida, ni kweli, bibi yako Aurelia alikuwepo. Akacheka zaidi, akasema, "Babu, hii hujaitunga vizuri. Fupi mno. Haina hata simba." Kisha akaniuliza ile kamba ilikuwa na urefu gani, na mwalimu alikuwa na pembe ngapi, na mimi niliruka dirishani au nilipasua ukuta. Alikuwa ananisaidia kuitengeneza.

Nimejaribu tena Ijumaa, nikajaribu na leo baada ya misa. Ananipiga begani ananiambia, sawa babu, kama tunavyowaambia walevi. Hamsini na sita nimeishi, nimewaambia watu wa milima hii mambo ambayo hata mimi yalinishangaza, wakaamini nusu. Hili moja naliapa kwa mtoto wa miaka kumi na halipiti.

Wewe anakuamini. Desemba ukija, kabla hujafungua mizigo, mkalishe umwambie. Mwambie ilikuwa kamba ya katani, mwambie siku tatu, mwambie hapakuwa na simba. Asipoambiwa na mtu wa kuaminika, atakua akidhani ndani ya ukoo huu wote ni yeye peke yake.

Mjomba wako,
Mansuetus